Karatasi Moja Iliyobishaniwa: Kisa cha Kiti cha Baraza la Jimbo la Virginia, 2017 hadi 2019

Kwa nini kisa hiki

Mawakala wa vyama wanapokuja kwenye mafunzo kabla ya uchaguzi, wengi huja na swali moja: tutazuiaje kura zisiibwe? Ni swali la haki, na sisi wa Pwani ya Kenya tuna sababu zetu za kuliuliza. Hata hivyo mimi huanza na kisa ambacho hakuna kura iliyoibwa. Kazi ilifanyika mchana kweupe, mawakili wamekaa, waandishi wa habari wamesimama mlangoni. Kiti kikaamuliwa na neno ambalo lilipaswa kusemwa mezani, likaja kusemwa kesho yake.

Kisa ni cha Marekani, jimbo la Virginia, uchaguzi wa Novemba 2017. Majina ya wagombea, majaji na maofisa nimeyaacha. Aliyekuwa na kiti nitamwita Mtetezi, aliyekuja kukitaka nitamwita Mpinzani. Tarehe, hesabu na vyombo vilivyohusika nimevitaja kama vilivyo kwa sababu vimo kwenye kumbukumbu za umma, na ukiviondoa somo linabaki hewani. Mpiga kura ambaye karatasi yake ilibeba mzigo wote hatumtaji wala hatumtafuti. Kura ni siri, hata ikitangazwa dunia nzima.

Mazingira ya kiti

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake. La Virginia lina Seneti ya watu 40 na Baraza la Wajumbe la watu 100, na wajumbe huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Wakati huo eneobunge moja lilikuwa na watu wapatao 80,000. Mshahara wa mjumbe wakati huo ulikuwa dola 17,640 kwa mwaka, na kikao cha kawaida katika mwaka kama 2018 ni cha siku 60 tu, kwa hiyo wengi wao wana kazi nyingine wanayorudi kuifanya kikao kikiisha.

Msomaji wa Kenya anaweza kumfikiria mwakilishi wadi, naye hatakuwa mbali kwa jinsi mjumbe huyu anavyojuana na watu wake. Kwa mamlaka, hapana. Baraza hili hutunga sheria za jinai, huamua nani apate bima ya afya ya serikali, wakati huo lilichora pia mipaka ya maeneobunge, na kwa pamoja na Seneti huchagua majaji wa jimbo. Hilo la majaji liweke akilini, litarudi.

Eneobunge la 94 lilikuwa ndani ya Newport News, mji wa bandari ambako hujengwa meli za kubeba ndege za kivita na nyambizi za jeshi la wanamaji. Mtetezi, wa chama cha Republican, alikuwa kwenye kiti tangu Januari 2012. Mpinzani, wa chama cha Democratic, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule za mji. Walikuwa wameshapambana mwaka 2015, na Mpinzani akaangushwa vibaya. Mtu akishindwa kwa kiasi kile, ushauri anaopewa kila mahali ni mmoja: kaa kando, chama kitafute sura mpya. Alirudi.

Kulikuwa na mgombea wa tatu pia, wa chama kidogo cha Libertarian, aliyepata mia kadhaa za kura. Mtandaoni alilaumiwa sana. Mimi simlaumu, kugombea ni haki yake, ila ye yote anayepanga hesabu za kampeni ajue kwamba mgombea mdogo asiyetiliwa maanani anaweza kubeba kura nyingi kupita tofauti ya wakubwa wawili.

Jambo la mwisho la mazingira, ambalo watu husahau. Septemba mwaka huohuo Bodi ya Uchaguzi ya Virginia ilifuta matumizi ya mashine za kupigia kura za skrini zisizoacha karatasi. Miezi miwili baadaye jimbo zima likapiga kura kwa karatasi: unajaza wino kwenye kiduara kilicho kando ya jina, kisha karatasi inapitishwa kwenye mashine inayosoma na kuhesabu. Bila karatasi ningekuwa sina kisa cha kuwasimulia, maana mashine ya skrini ingetoa jumla na kunyamaza.

Mfululizo wa matukio

Jumanne tarehe 7 Novemba 2017 upepo ulivuma kuelekea Democratic. Mgombea wao wa ugavana alishinda kwa takriban asilimia 9. Katika Baraza la Wajumbe, Republican waliingia na viti 66 dhidi ya 34, wakajikuta wanahesabu kiti kimoja kimoja kuona kama wamebaki na wingi. Katika Eneobunge la 94, hesabu ya kwanza ilimpa Mtetezi ushindi wa kura 10.

Sheria ya Virginia hairudii hesabu yenyewe. Aliyeshindwa lazima aombe mahakamani, na anaruhusiwa kuomba iwapo tofauti haizidi asilimia 1. Mpinzani akaomba. Uamuzi huo haukuwa mgumu: kura 10 kati ya elfu ishirini na kitu ni pungufu ya makosa ya kawaida ya mikono na mashine.

Kurudia hesabu kulifanyika Jumanne tarehe 19 Desemba. Karatasi zilipitishwa tena kwenye mashine, na zile ambazo mashine haikuzielewa, kwa mfano iliyojazwa viduara viwili kwa nafasi moja au isiyojazwa kitu, ziliwekwa kando ziangaliwe kwa macho. Kila meza ilikuwa na maofisa wawili wawili, mmoja kutoka kila upande. Wakikubaliana, karatasi inaingia kwenye fungu lake. Wasipokubaliana, inapelekwa kwa majaji watatu wanaosimamia zoezi.

Jioni ile jumla ikatoka: Mpinzani 11,608, Mtetezi 11,607. Kura moja. Kwa matokeo hayo Baraza lingegawanyika 50 kwa 50, na wingi wa Republican ungekwisha. Viongozi wa Republican ndani ya Baraza wakatoa taarifa ya kumpongeza Mpinzani. Watu wakapiga picha, wakakumbatiana.

Asubuhi ya Jumatano tarehe 20, majaji watatu waliketi ili kuidhinisha matokeo. Upande wa Mtetezi ukaja na barua. Ofisa mmoja wa upande wao, aliyekaa mezani jana yake, aliandika kwamba kuna karatasi aliyokubali iwekwe kwenye fungu la zisizohesabika, kwamba alikuwa amechanganyikiwa kuhusu kanuni, na kwamba kwa kuitazama upya kura ile ilikuwa ya Mtetezi.

Upande wa Mpinzani ukapinga: muda wa kubisha ulikuwa jana, mezani, na maofisa wote wawili walikubaliana. Majaji wakaamua kuitazama. Wakaitazama, wakasema ni kura ya Mtetezi. 11,608 kwa 11,608.

Karatasi yenyewe

Hapa huwa nasimama muda mrefu. Nachora karatasi ubaoni na kuwaomba washiriki waamue wenyewe ni kura ya nani.

Kwenye nafasi ya mjumbe wa Baraza, viduara viwili vimejazwa, cha Mtetezi na cha Mpinzani. Juu ya kiduara cha Mpinzani kuna alama ya ziada, mstari wa mshazari uliokatiza. Ukiishia hapo ni rahisi: mpiga kura alijaza kimakosa, akakata, akajaza alichotaka. Kura ya Mtetezi.

Sasa panda juu, kwenye nafasi ya gavana. Kiduara cha mgombea wa Republican kimejazwa, na hapo pia kuna alama ya ziada ya aina ileile. Hakuna mgombea mwingine wa ugavana aliyejaziwa. Kama alama ile maana yake ni "nimefuta", basi huyu alimfuta gavana wake na hakuchagua mwingine. Kama maana yake ni "huyu hasa", basi kwenye nafasi ya Baraza anasisitiza Mpinzani. Na kama alama moja inafuta pale na kusisitiza hapa, mpiga kura ametumia lugha mbili kwenye karatasi moja.

Nafasi nyingine zote alizopigia kura alichagua Republican. Majaji walilitaja hilo kwenye uamuzi wao. Watu wengi wa kawaida wangefikiri vivyo hivyo: huyu ni mtu wa chama hiki, atakuwa alikusudia mtu wa chama hiki.

Zoezi hili nimelifanya mara nyingi na ukumbi haujawahi kukubaliana. Mara moja mama mmoja, wakala mzoefu aliyekaa vituoni tangu siku za kura ya mlolongo, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nimeiona nia yake, lakini sijaiona kura yake." Sijawahi kupata njia bora ya kulieleza tatizo. Nia ya mpiga kura unaweza kuikisia kutokana na mazingira, ila kura ni kitu alichokifanya kwenye karatasi, na kanuni zipo ili makisio yetu yasiwe mengi.

Bodi ya Uchaguzi ya Virginia ilikuwa na mwongozo wa kuhesabu kwa mkono, wenye mifano iliyochorwa ya alama za kila aina. Pande zote mbili ziliushika mwongozo huohuo. Ukweli wa kazi hii ni kwamba hakuna mchoraji wa mwongozo anayeweza kuchora kila kitu mkono wa binadamu utakachofanya ndani ya kizimba cha kupigia kura.

Bakuli

Sheria ya Virginia inasema kura zikilingana, mshindi apatikane kwa kura ya bahati. Tarehe ya kwanza iliyopangwa ilikuwa 27 Desemba. Mpinzani akaiomba mahakama iufikirie upya uamuzi wake, na zoezi likaahirishwa. Tarehe 3 Januari 2018 majaji wakakataa ombi hilo. Kesho yake, Alhamisi tarehe 4, Bodi ya Uchaguzi ikakutana Richmond, makao makuu ya jimbo.

Majina mawili yalichapwa kwenye vipande vya karatasi. Kila kipande kikaingizwa kwenye kikopo cha plastiki, vile vidogo vyeusi vilivyokuwa vikihifadhi filamu za kamera. Vikopo viwili vikatiwa ndani ya bakuli la udongo lenye rangi ya samawati na nyeupe, lililofinyangwa na mfinyanzi wa jumba la makumbusho la sanaa la Virginia. Mwenyekiti wa Bodi akatia mkono, akatoa kimoja, akakifungua, akasoma jina la Mtetezi. Kisha kikopo cha pili kikafunguliwa kuonyesha kwamba kweli kilikuwa na jina la pili.

Mpinzani alikuwepo ukumbini pamoja na familia yake. Mtetezi hakuwepo.

Ile hatua ya kufungua kikopo cha pili naipenda sana, na ningetaka kila msimamizi wa uchaguzi aielewe. Haikubadilisha kitu. Aliyeshindwa alikuwa ameshashindwa. Lakini ilimwondolea yeye na wafuasi wake swali moja ambalo lingewala miaka mingi, kama majina yote mawili yalikuwa ya mtu mmoja. Ilichukua sekunde chache tu.

Uamuzi wa kukubali

Sheria ilimpa aliyeshindwa kwa bahati nasibu nafasi ya kuomba hesabu irudiwe tena. Mpinzani hakuitumia. Tarehe 10 Januari 2018, siku Baraza lilipofunguliwa, akatangaza kukubali matokeo. Mtetezi akaapishwa, Republican wakabaki na viti 51 dhidi ya 49, na spika akatoka kwao.

Kuna wafuasi waliokasirika. Nawaelewa, lakini nikipima naona alifanya sawa. Kurudia hesabu kungempeleka kwenye mahakama ileile, mbele ya karatasi ileile, na huku watu wa Eneobunge la 94 wanaanza kikao bila mjumbe. Alikuwa ameshaenda kila mlango uliokuwa na nafasi ya kufunguka. Uliobaki ulikuwa na bawaba tu.

Na kikao kile hakikuwa cha kukosa. Bima ya afya ya Medicaid kwa watu wa kipato kidogo ilikuwa imekwama Virginia kwa miaka. Mwaka 2018 baadhi ya wajumbe wa Republican waliungana na Democratic, ikapita, gavana akatia saini Juni 7, na huduma ikaanza Januari 1, 2019. Waliotarajiwa kunufaika walikuwa hadi watu 400,000. Kwa maoni yangu chama kilichopoteza viti 15 usiku mmoja, na cha kumi na sita kikabaki kwa bahati ya kikopo, hakikuhitaji kuambiwa tena wananchi wanataka nini. Mpinzani hakuwa ukumbini, lakini kura zake 11,608 zilikuwemo.

Marudiano

Wakati huohuo kesi nyingine ilikuwa inatembea. Juni 2018 jopo la majaji wa shirikisho liliamua kwamba maeneobunge 11 ya Baraza yalichorwa kwa kuwarundika wapiga kura Weusi kinyume cha katiba. Likaagiza ramani mpya, na mipaka ya maeneobunge 25 ikabadilika. Baraza likakata rufaa, na Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasema Baraza peke yake halina haki ya kuileta rufaa hiyo. Ramani mpya ikasimama.

Eneobunge la 94 lilikuwa miongoni mwa yaliyochorwa upya, na mipaka mipya ilikipendelea chama cha Mpinzani. Novemba 2019 wawili wale wakakutana kwa mara ya tatu. Mpinzani akashinda kwa tofauti kubwa, hakuna aliyehitaji bakuli. Democratic wakachukua Baraza kwa viti 55 dhidi ya 45.

Uchambuzi

Nianze na ninaloliona kosa kubwa, na nalisema bila kuzunguka: majaji hawakupaswa kuifungua karatasi ile Jumatano. Wanaowatetea wana hoja. Hesabu ilikuwa chini ya usimamizi wao mpaka watie saini, na lengo la sheria yote ya uchaguzi ni kutimiza nia ya mpiga kura. Ikiwa kuna kura halali imeachwa kando, kwa nini isihesabiwe? Ni hoja nzuri mpaka uulize: kwa nini hiyo tu? Karatasi nyingine zilizowekwa kando jana yake, kwa maofisa wawili kukubaliana, zilibaki kwenye mafungu yao. Ile iliyofufuliwa ni ile ambayo upande ulioamka umeshindwa kwa kura moja ulikuja nayo. Kanuni inayofunguliwa baada ya jumla kujulikana humnufaisha yule ambaye jumla imemuumiza, hata kama kila aliyeifungua ana moyo safi. Hapo ndipo suala la majaji kuchaguliwa na bunge linapouma. Sina ushahidi kwamba walimpendelea mtu, wala sidai. Lakini raia aliyekuwa akitazama kutoka nje alikuwa na kila sababu ya kuuliza, na mahakama ingeweza kumwondolea sababu hiyo kwa kushika muda tu.

Kanuni zetu za Kenya za mwaka 2012 zinaliweka jambo hili wazi. Msimamizi wa kituo akiikataa karatasi, anaiandika kwamba imekataliwa. Wakala akipinga palepale, msimamizi anaongeza maneno ya kuonyesha kwamba kukataliwa kumepingwa. Maneno hayo mawili matatu ndiyo yanayompa hakimu kitu cha kushika wiki sita baadaye. Wakala aliyenyamaza amekubali. Nimewahi kukaa kwenye kituo kimoja saa nane za usiku, taa ya betri inafifia, na wakala kijana wa chama fulani anatikisa kichwa kila karatasi ikikataliwa lakini hasemi kitu. Asubuhi chama chake kikaja na malalamiko marefu. Kwenye fomu hapakuwa na hata mstari mmoja. Sikumlaumu kijana, alikuwa hajala tangu alfajiri na hakuna aliyemfundisha. Nililaumu waliomtuma.

Ndiyo maana, pamoja na kupinga uamuzi wa mahakama, naona timu ya Mtetezi ilifanya kazi yake. Iliyakataa mazoea ya kuhuzunika usiku na kusubiri kesi baadaye. Iliwauliza watu wake jioni ileile nini kilitokea kila meza, ikapata karatasi moja yenye shaka, ikapata mtu wa kuisemea kwa maandishi, na kabla majaji hawajatia saini ikawa mlangoni. Ushindi uliotangazwa jioni lakini haujatiwa saini haujakamilika. Hesabu za Mpinzani zilikuwa sahihi, furaha ya watu wake ilikuwa halali, na pongezi za wapinzani wao zilitoka. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa na nguvu ya kisheria.

Ofisa aliyeandika barua namtazama kwa huruma zaidi kuliko wengi. Inawezekana kabisa alichanganyikiwa kweli. Ukikaa mezani saa nyingi, ukatazama viduara mpaka macho yaume, unakubali mambo ambayo ungeyapinga ukiwa umelala usingizi mzuri. Dawa yake ni kanuni inayosema mezani hapo hapo: mwenye shaka, hata ndogo, aipeleke karatasi kwa majaji leo. Kama angefanya hivyo Jumanne, majaji wangeitazama kabla mtu hajajua jumla, na uamuzi wao, uwe wo wote, ungekuwa mgumu kulaumiwa.

Kuhusu bakuli, washiriki wengi hucheka wakilisikia, kisha hukasirika. Kiti cha watu 80,000 kwa kikopo cha filamu? Mimi sikasiriki. Kura zikilingana kweli, wapiga kura wamesema hawana anayezidi, na njia yo yote utakayoichagua itakuwa na kasoro. Kurudia uchaguzi mzima kunampa nafasi mwenye fedha zaidi. Kumwachia mtu mmoja apige kura ya kuamua ni kumkabidhi yeye kiti chote. Bahati nasibu angalau haina chama. Tatizo la Virginia halikuwa bakuli, ilikuwa ni njia iliyowafikisha kwenye bakuli.

Usiku uleule wa Novemba, katika eneobunge la 28, wapiga kura 147 walipewa karatasi za eneobunge lisilo lao. Mshindi huko alipita kwa kura 73 baada ya kurudia hesabu, na mahakama ya shirikisho ikakataa kumzuia asiapishwe. Watu 147, tofauti 73. Kisa hicho hakikupata hata robo ya kelele za bakuli, na kwangu kinatisha zaidi, kwa sababu pale hapakuwa na karatasi ya kuitazama. Karatasi zilikuwa zimejazwa vizuri kabisa, kwenye wagombea wasio wao. Anayetaka kulinda uchaguzi aanze na daftari na ramani kabla hajafika kwenye masanduku.

Sisi Kenya mwaka huohuo, Septemba 1, 2017, tulishuhudia Mahakama ya Juu ikiufuta uchaguzi wa rais, ikisema hesabu peke yake haitoshi kama njia ya kuifikia haikufuata katiba na sheria. Nikiziweka kesi hizi mbili pamoja darasani, mjadala huwa mkali, na hauishi kwa kengele ya chakula.

Limebaki jambo la Mpinzani kama mwanasiasa. Alishindwa vibaya mwaka 2015. Alishindwa kwa namna ya kuvunja moyo mwaka 2018. Akashinda mwaka 2019. Ni kweli ramani ilimsaidia, tena sana, na sisemi vinginevyo kwa wagombea wanaokuja kuniuliza. Lakini ramani ilibadilika kwa maeneobunge 25, na si kila aliyekuwa ameshindwa kwenye maeneo hayo alikuwa amebaki mlangoni akisubiri. Yeye alibaki. Alikuwa na jina ambalo kila nyumba ya Newport News ilishalisikia, na alikuwa na historia ya kukubali matokeo kwa heshima, kitu ambacho wapiga kura wa kati hukikumbuka.

Swali la mwisho la washiriki

Karibu kila darasa kuna mtu huuliza: hivi yule mpiga kura angefanya nini? Jibu ni fupi. Kwa sheria ya Virginia, kama ilivyo kwetu, mtu aliyekosea karatasi kabla hajaitumbukiza anayo haki ya kuirudisha kwa ofisa na kupewa nyingine. Angeinua mkono, akasema nimeharibu, akaanza upya kwa kalamu ileile.